Kuku wangu wa manyoya ya kujikunja wamezaa vifaranga uchi: dawa ni gani?

SWALI: Daktari, mwaka jana nilinunua Kisumu jogoo na mtetea wa kienyeji, wote wa manyoya ya kujikunja, nikitaka kuzalisha aina hiyo peke yake. Wameangua vifaranga 14. Wanane wamejikunja vizuri, watatu wana manyoya ya kawaida, na watatu wengine wako karibu uchi kabisa ilhali wametimiza miezi miwili. Duka la dawa limeniuzia sindano ya utitiri na vitamini. Jirani ananiambia niwapake oil chafu ya gari. Nifanye nini? (Mama mfugaji, Molo)

JIBU: Mama, hiyo oil irudishe kwa mwenye gari. Kuku hujisafisha kwa mdomo. Unachompaka mgongoni jioni kinaingia tumboni.

Na utitiri gani huo unaochagua watatu ndani ya banda moja na kuwaruka 11? Shika mmoja wa hao walio uchi, umpeleke juani, ufungue bawa lake. Utaona manyoya yanaota, ila ni membamba kama uzi, yamejipinda hadi yakakatika, yakaacha vijiti vifupi. Ngozi ni safi, haina ukoko wala vidonda. Mwili unajitahidi kuotesha, unyoya ndio hauwezi kujishika.

Sasa tazama idadi yako: wanane, watatu, watatu. Ni takriban nusu, robo na robo, na hakuna ugonjwa unaogawa kwa mizani namna hiyo. Kila kuku ana nakala mbili za jeni ya manyoya (maelekezo ya urithi mwilini), moja ya baba na moja ya mama. Wazazi ulionunua wana nakala moja ya kujikunja na moja ya kawaida kila mmoja. Kifaranga aliyepata moja ya kujikunja anapendeza. Aliyekosa zote ana manyoya laini, yaani ya kawaida. Aliyepewa zote mbili ndiye huyo anayetetemeka. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba chanzo ni hitilafu katika jeni ya keratini (protini inayojenga manyoya) iitwayo KRT75, ambayo huharibu uti wa unyoya. Nakala moja huukunja, mbili huuvunja.

Kinachonikera ni neno moja ninalolisikia kila soko, kuanzia Nakuru hadi Kakamega: "damu safi". Mtu anauza jogoo aliyejikunja kwa bei ya mbuzi, anaapa kwamba ukimpandisha na mwenzake utapata waliojikunja watupu. Hilo haliwezekani hata mkirudia miaka kumi. Kuku mwenye damu safi ya kujikunja yupo kweli, mama, na unaye bandani mwako: ni huyo aliye uchi! Yule mrembo ni chotara wa jeni hiyo, na urembo wake unatokana na uchotara huo. Muuzaji akikuambia jogoo wake mwenye manyoya mazuri ni "safi", ama hajui anachouza au anajua vizuri sana.

Ukitaka waliojikunja bila hasara, mpandishe jogoo wako na mitetea ya manyoya ya kawaida. Nusu watajikunja, nusu watakuwa laini, na hakuna atakayekuwa uchi. (Jogoo aliye uchi akipandishwa na mitetea laini hutoa waliojikunja wote. Lakini anapoteza joto usiku kucha, anakula kupita wenzake, na moyo wake unafanya kazi ya ziada. Kwa baridi ya Molo huko ni kumtesa.)

Mkosi huu hauko kwa manyoya pekee. Wale kuku wa miguu mifupi wanaotafutwa siku hizi wana jeni kali zaidi. Pandisha wawili wafupi, na karibu robo ya mayai yatakufa ndani ya siku za mwanzo za kuatamiwa, kwa sababu kiinitete chenye nakala mbili hakiishi. Mfugaji anapasua yai, analaumu mashine, analaumu stima kukatika, anabadilisha mashine, na mwezi ujao anapoteza robo nyingine. Kisha anakuja mtu na chupa ya "dawa ya rutuba", na pesa inatoka tena. Kabla hujalipia jogoo kwa sababu ya sura yake, omba uonyeshwe kizazi chake chote alichozaa, wabaya na wazuri. Anayekuonyesha wazuri tu amewaficha wengine nyuma ya nyumba, au kwenye sufuria.

Hao wako watatu watenge na wenzao wasiwadonoe, wawekee jiko au taa usiku, waongezee chakula, na usiwazalishe. Wakifikisha uzito, chinja. Kunyonyoa hakutakuchosha.