Bi Fundi Anajibu: Lipime kwanza, ndipo ulilipie

*Shikamoo Bi Fundi. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na mke wangu, watoto wawili na mama mzazi. Kila likizo ya Juni tunakwenda kupiga hema Mikumi. Usiku wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, umeme ulikatika, na mama pumu ikamshika gizani. Anatumia nebulaiza, ile mashine ya kumvutisha dawa ya pumu. Tangu siku hiyo nimeapa kununua pawa stesheni ndogo, yaani sanduku la betri lenye soketi za umeme, ya nyumbani na ya safari. Nimeyaona EcoFlow River 2, Bluetti EB3A na Jackery Explorer 300 Plus, na kila muuzaji anasifia la kwake. Jirani ananiambia nichukue kubwa kabisa nimalize kazi. Nichukue lipi? Baba wa wawili, Tabata.*

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole yangu. Jirani mwache kwanza. Hayo makubwa yana kilo 10 na kuendelea, na kitu cha kilo 10 hakibebwi kwenda Mikumi. Nimeyaona majumbani mwa watu, yamefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake pambo la maua. Wauzaji wengine huyaita jenereta za sola. Mimi nayaita masanduku, maana hayazalishi chochote, yanatunza tu ulichoyapa.

Naanza na mama, kwa sababu yeye ndiye anayeamua ununue lipi. Igeuze ile nebulaiza usome kibandiko cha chini. Zile zenye pampu ndani, zinazovuma, nyingi zimeandikwa kati ya wati 100 na 180. Pampu ni mota, na mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Hapo ndipo sanduku dogo linapojizima lenyewe, ukabaki unabonyeza vitufe huku mgonjwa anahema.

Sasa yatazame hayo matatu. River 2 ina wati-saa 256 na hutoa wati 300. Jackery ina wati-saa 288, nayo hutoa wati 300. EB3A ina wati-saa 268, lakini hutoa wati 600. Wati-saa ni maji yaliyomo mtungini, wati ni ukubwa wa kata unayochotea. Kwa mtungi matatu haya ni ndugu, usipoteze usingizi kwa tofauti ya wati-saa 30 hivi. Kwa kata, EB3A ni mara mbili ya wenzake, na kwa nyumba yenye nebulaiza mimi ningechukua hilo. Ubaya wake ni uzito: kilo 4.6, wakati River 2 ina 3.5 na Jackery 3.75. Ungekuwa unapanda mlima kwa miguu ningekujibu vingine. Wewe unaliweka kwenye buti la gari.

Utaona pia masanduku mengine yanajisifu namba kubwa kuliko wati zake halisi, kwa hila yenye jina kama X-Boost. Hila yenyewe ni kushusha volti ili kifaa kikubwa kivute umeme kidogo. Kwa kitu cha kupasha moto, sawa. Mashine ya mgonjwa usiitegemeze hapo. Na vyovyote utakavyonunua, mama aitumie nebulaiza kwenye sanduku hilo nyumbani, mchana, wiki moja kabla ya safari. Dawa yake ya kuvuta kwa mkono ibaki kwenye mkoba wake vilevile.

Haya, chukua kalamu tuhesabu usiku mmoja wa Mikumi. Taa 2 za LED za wati 5, saa 5: wati-saa 50. Simu 4, kila moja hula kama 20: jumla 80. Nebulaiza ya wati 120, dakika 10, mara 2: 40. Zote 170. Sanduku la 268 halikupi 268, kwa sababu kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230 nako kunakula. Hesabu 85 kwa mia, upate kama 225. Unabaki na akiba, mradi usifanye nililofanya mimi Lushoto.

Lushoto nilikwenda na wajukuu. Tukachaji simu, tukacheka, tukalala. Asubuhi sanduku limeshuka karibu nusu na hakuna kilichochomekwa. Nilikuwa nimeacha kitufe cha AC, cha zile soketi za volti 230, kimewashwa. Kitufe hicho kikiwaka, inveta ya ndani, ndiyo inayogeuza umeme wa betri, inakula wati 5 hadi 10 bure, na kwa saa 8 za usingizi ni wati-saa 40 hadi 80. Nebulaiza ya usiku mzima imepotea hivyo, kwa kidole kimoja. Simu zichomeke kwenye matundu ya USB, AC uiwashe mama anapohitaji tu, na akimaliza uizime. Mjukuu wangu wa miaka 9 sasa ndiye askari wa kitufe hicho, na hana huruma.

Kuhusu kulijaza, barabara itakusaidia. Soketi ya sigara ya gari hutoa karibu wati 100. Toka Dar hadi Mikumi ni karibu km 300, kwa hiyo hata ukiondoka na sanduku tupu, utafika limejaa. Sola ya kukunja si lazima kwako. Paneli ya wati 100 ikinipa 65 mchana nashukuru, na watu wanaotafuta kivuli cha kuweka hema huisahau paneli nayo humo humo kivulini.

Nyumbani watakuuliza: na friji je? Friji ya kawaida hula kama wati-saa 1,000 kwa siku. Sanduku hili, likifaulu kuiwasha, litaiendesha saa 5 au 6 halafu liishe, na mama hana chake. Friji iache imefungwa. Isipofunguliwa hutunza baridi kama saa 4, na friza iliyojaa hukaa hadi siku 2. Jaza chupa za maji, zigandishe, zijaze nafasi zilizo wazi. Pasi na jagi la kuchemshia maji usivifikirie kabisa, hivyo ni vya wati 1,000 hadi 2,000.

Yote matatu uliyoyataja yana betri za aina ya LFP, lithiamu zenye chuma na fosfeti, na hilo nalipenda kwa joto la Dar, maana zinastahimili joto kuliko lithiamu za kawaida. Utasikia zinadumu mizunguko 2,500 au 3,000, yaani kujazwa na kumalizwa, ilhali zile nyingine, kama Jackery Explorer 240 ya zamani, ziliandikwa 500. Ni kweli, ila usitishwe. Anayemaliza chaji mara 2 kwa mwezi, mizunguko 500 ni miaka 20, na betri itazeeka kwa umri kabla haijachoka kwa kazi. Ukiuziwa la zamani kwa nusu ya bei, fikiria. Ila lisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, na hata la LFP lisiachwe.

La mwisho kwako. Miaka 2 iliyopita niliagiza sanduku lililoandikwa wati-saa 600, kwa bei iliyonifurahisha. Duka silitaji. Kibandani kwangu Ngamiani nina mizani niliyoazima kwa muuza samaki, hadi leo sijairudisha. Nikalitundika: kilo 2. Moyo ukashuka. Sanduku la kweli huwa na kilo 1 na zaidi kwa kila wati-saa 100, hesabu hayo matatu yako utaona. Nikalifungua. Ndani seli 18 za ukubwa wa kidole gumba, za kutosha kama wati-saa 130, na sehemu iliyobaki ni hewa tupu. Kwa hiyo unapokwenda dukani nenda na mizani. Muuzaji akicheka, mwache acheke.

*Bi Fundi, shikamoo. Kaka yangu yuko Minnesota na anarudi Unguja mwezi ujao. Huko masanduku haya ni rahisi. Nimemwambia aniletee la wati-saa 500, alitie kwenye begi. Kuna ubaya? Dada mtu, Mwanakwerekwe.*

Marahaba. Mpigie leo, kabla hajanunua. Begi lenyewe ndilo tatizo la kwanza. Ndege za abiria zinaruhusu betri ya lithiamu hadi wati-saa 100 bila kuuliza, na kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 haipandi, si mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Atanyang'anywa uwanjani, na hela zimekwenda.

Tuseme amelituma kwa meli, likafika. Umeme wa Marekani ni volti 120. Sanduku lililotengenezwa kwa soko lile linatoa volti 120, soketi zake ni za vipini bapa, na adapta ya duka la Darajani hubadilisha umbo la plagi tu, volti inabaki ile ile. Chaja ya simu na ya laptopu hazitajali, zimeandikwa 100–240V. Feni yako haitapata nguvu. Hatari kubwa ni upande wa kulichaji: kama ubavuni mwake pameandikwa 100–120V peke yake, ukalichomeka kwenye soketi ya Unguja, utasikia mlio mmoja na harufu. Nimeshapokea la namna hiyo kibandani. Mwenyewe alikuwa bado ana karatasi ya posta mkononi.

Kaka akuletee pawabanki 2 za mAh 20,000. Kila moja ni kama wati-saa 74, zinapita bila maneno mradi azibebe mkononi, asizitie kwenye begi la chini. Sanduku ulinunue huku, lenye volti 230 na soketi za vipini 3 vya mraba.

*Mama shikamoo. Mimi ni mwongoza wageni Mlima Kilimanjaro, natokea Marangu. Wageni wangu wana kamera, droni na simu za setilaiti. Mmoja ameniachia sanduku la wati-saa 256, lakini kule Kibo asubuhi linakataa kuchajiwa na sola. Limekufa? Mpanda mlima.*

Marahaba baba. Halijafa, linajilinda. Betri ya LFP haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, inaharibika ndani na hairudi. Yaliyotengenezwa vizuri hupima joto lake na kukataa. Kambi ya Kibo iko mita 4,720 juu ya bahari, asubuhi maji ya chupa yameganda, unategemea nini? Kutumia umeme uliomo kwenye baridi linakubali, ingawa utakwisha upesi. Kulichaji subiri hadi saa 5 au 6 mchana, likae ndani ya hema kwanza lipate joto, ndipo uunganishe paneli. Usiku lifunike blanketi, usiliweke juu ya ardhi tupu.

Lakini niseme la moyoni. Mzigo wa mpagazi ukomo wake ni kilo 20. Sanduku na paneli ni kilo 6 au 7 kwenye mgongo wa kijana wa watu, kwa ajili ya droni. Pawabanki 4 za mAh 20,000 zina wati-saa kama 300, uzito wake hauzidi kilo 2, na kila mgeni atalala na yake ndani ya mfuko wa kulalia, ikiwa ya moto. Sanduku liache Marangu, litumike nyumbani umeme ukikatika.

*Habari Bi Fundi. Stima zikipotea huku Nakuru, fundi mmoja ameniambia anaweza kunitengenezea waya yenye plagi pande zote mbili: upande mmoja kwa pawa stesheni, mwingine kwa soketi ya ukuta, nyumba nzima iwake. Ni elfu moja tu. Msomaji, Nakuru.*

Mwambie hapana, na fundi huyo usimwite tena. Ukichomeka upande mmoja, ule mwingine una vipini vya chuma vilivyo wazi vyenye volti 240, na mtoto yuko sakafuni. Ukisahau swichi kuu, umeme wako unatoka nje kwenye nguzo, ambako kuna mtu kapanda ngazi akijua hakuna kitu. Stima zikirudi ukiwa hujachomoa, umeme wao na wako utagongana na sanduku litaungua.

Kwa hiyo elfu yako inunulie ekstensheni nzuri ya mita 10, nene, yenye fyuzi. Ipitishe chini ya mlango wa sebule, taa ya mezani upande huu, ruta upande ule. Ruta ya kawaida hula wati 10 tu, itakaa usiku kucha.