Kujichoma sindano maabara: usifinye kidole

Mdogo wangu wa Igoma, umeuliza kama kufinya kidole ulichojichoma na sindano ya mgonjwa kunatoa virusi. Hakutoi. Usifinye, wala usimiminie spiriti. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, mwambie mkuu wa maabara, ukaanze PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya kujichoma) leo leo. Mwisho ni saa 72, ila ukiwahi ndiyo nafuu. Dawa ni siku 28. Wa Ukerewe msisubiri meli ya kuja Mwanza mjini, ulizeni kwanza hospitali ya Nansio.

Na homa ya ini B? Kwa sindano inaambukiza kirahisi kuliko VVU. Chanjo zote 3 umemaliza? Halafu acheni huko kurudishia sindano kifuniko, eti kisanduku cha kutupia sindano kiko mbali! Kisogezeni mezani.