Maswali ya Wasomaji: Kurudi kwenye Age of Empires II na Wenzako wa Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni marafiki watano tuliocheza Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa kujenga mji na kupigana vita, pamoja tukiwa vijana, kabla kazi na familia hazijatutawanya. Hivi karibuni tulirudi tukacheza mara tatu kupitia intaneti, na mara zote mwenzetu mmoja, ambaye hakuwahi kuuacha mchezo huu, alitumaliza hata kabla hatujasimamisha ngome ya kwanza. Wawili wetu wamekwisha kukata tamaa. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, ninaelewa uchungu huo, kwa kuwa kundi kama lenu ni gumu kulikusanya na ni rahisi kulipoteza. Ushauri wangu ni kwamba msianze kwa kupigana ninyi kwa ninyi. Wekeni wote watano upande mmoja dhidi ya kompyuta, na huyo bingwa wenu awe mshirika wenu kwa majuma kadhaa ya mwanzo.

Sababu ni kwamba kinachowashinda si ustadi wake wa vita. Mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50 na huchukua sekunde 25 za saa ya mchezo kuzalishwa, kwa hiyo jengo kuu la mji likikaa bure kwa dakika mbili tu, mmepoteza karibu wanakijiji watano, na kila mmoja wao angekuwa amekata miti au kuvuna chakula hadi mwisho wa pambano. Mwenzenu haliachi jengo hilo likae bure, ilhali ninyi, mkiwa mmeduwaa mkimtazama mpelelezi wenu akizunguka msituni, mnalisahau. Chakula 500 cha kuvukia kutoka enzi ya kwanza, yaani hatua ya mwanzo ya maendeleo, kwenda ya pili hukipata mapema kuliko ninyi, na wapanda farasi wake wanapofika mlangoni kwenu, pambano limekwisha kuamuliwa zamani. Jambo hili hufundishika, na hufundishika vizuri zaidi na mtu aliye upande wenu, anayeweza kuwakumbusha kwa sauti wakati mchezo unaendelea, kuliko na adui anayewachomea nyumba.

Kuna utajiri mwingine katika ushirika ambao nadhani wengi wetu tuliupuuza ujanani. Dhahabu ya kwenye ramani huisha. Ikiisha, aliye peke yake hubaki na askari wasiohitaji dhahabu, kama vile wa mikuki, lakini aliye na mshirika anaweza kujenga soko na kutuma mikokoteni hadi kwenye soko la mwenzake, na kadiri masoko hayo yanavyokuwa mbali ndivyo kila safari inavyoleta dhahabu nyingi zaidi. Kuilinda njia hiyo ndefu watu watano, mmoja akijenga kuta, mwingine akiweka askari kwenye kivuko, ni mchezo mtamu kwelikweli, na hauhitaji vidole vya kijana wa miaka kumi na minane.

Mkishazoea, gawaneni: bingwa na mmoja wenu dhidi ya watatu. Anayependa kujinoa peke yake ajaribu mazoezi yaitwayo Art of War yaliyomo katika Definitive Edition, toleo lililotoka mwaka 2019, ambayo hupima kasi ya kujenga uchumi na kutoa medali. Toleo hilo pia limeondoa kero ya zamani ya kupanda upya kila shamba lililochoka: katika toleo la awali la mwaka 1999 kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, na nyongeza ya mwaka 2000 ikaruhusu kulipia mbegu mapema kwenye kinu, ilhali sasa mashamba yanaweza kujipanda yenyewe. Inanifurahisha kwamba studio ya Forgotten Empires, iliyoshiriki kulitengeneza, ilichipuka kutoka kwa wapenzi wa mchezo walioongeza falme zao wenyewe kwa hiari.

SWALI: Kompyuta yangu ni ya zamani, na wenzangu husema mimi ndiye ninayeufanya mchezo wao ukwame. Inawezekanaje, na kila mtu ana mashine yake?

JIBU: Wanasema kweli, ingawa si kosa lako. Tangu Age of Empires ya kwanza, ya mwaka 1997, uliokusudiwa kuunganisha watu wanane kwa modemu za simu, mashine hazitumiani habari za kila askari; hutumiana amri tu, kisha kila kompyuta huendesha vita vyote kwa ukamilifu na kufikia matokeo yaleyale. Mashine moja ikichelewa kukokotoa, nyingine zote hulazimika kuisubiri. Ndiyo maana pia nyote lazima muwe na toleo moja lenye masasisho yaleyale.

Ondoa kifurushi cha picha za ubora wa juu kama ulikiweka, kisha waombe wenzako mpunguze kikomo cha watu, yaani wanakijiji na askari kwa pamoja, kutoka 200 hadi 100 kwa kila mchezaji na mchague ramani ndogo. Kikomo ndicho chenye athari kubwa zaidi, kwa sababu mchezo huwa mzito hasa majeshi yanapojaa uwanjani, na kwa kundi linalojifunza upya, watu 100 wanatosha kabisa.