Chomoa hiyo pasi kwanza

Chomoa hiyo pasi sasa hivi, kisha urudi usome. Umeandika kwamba wiki ijayo unaanza mafunzo ya vitendo kwenye karakana ya vifaa vya nyumbani jijini Dar es Salaam, na kwamba ili usiende mikono mitupu umeifungua pasi ya dada yako, ukaifunga tena, ukabakiwa na skrubu moja na "kiduara kidogo cha chuma chenye meno", lakini pasi inawaka vizuri na dada anaendelea kuitumia. Umeuliza ununue zana zipi, kitabu cha kumbukumbu kijazwe vipi, ubobee kwenye majokofu au kwenye mashine za kufulia, na kama una haki ya kudai posho. Mimi nimekwama kwenye hicho kiduara chenye meno, kwa sababu nakifahamu, na kimenigharimu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kukishika katika kazi hii.

Hicho ni washa ya meno. Mara nyingi hukaa chini ya skrubu au nati inayobana waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kwenye mwili wa chuma wa kifaa. Meno yake yana kazi mbili: kuuma rangi na kutu hadi yafike kwenye chuma kitupu, na kuishikilia skrubu isilegee kifaa kinapotikisika. Kwenye pasi yenye plagi ya pini tatu, waya huo huishia kwenye bamba la chini, lile linalopita juu ya nguo. Inawezekana washa yako imetoka mahali pengine, nami siwezi kulijua hilo kwa kusoma tu, lakini wewe uliyeifungua pia hulijui, na dada yako anaishika pasi hiyo kwa mkono uliotoka kunyunyizia nguo maji.

Mwaka 2014 nilikuwa mwanafunzi kama wewe, nikapelekwa kwenye karakana moja kwa wiki nane. Wiki ya tatu ililetwa mashine ya kufulia ya mlango wa mbele iliyokuwa ikiunguruma kwa sababu beringi za ngoma zilikuwa zimekwisha. Kazi ya beringi ni shule nzima kwa anayeanza, kwa sababu huwezi kuzifikia bila kuivua mashine karibu yote: unatoa kifuniko cha juu, droo ya sabuni, raba ya mlango, lile zege linaloizuia mashine isirukeruke, springi zinazoning'iniza beseni, mkanda, mota, hita na mipira ya pampu, ndipo beseni litoke na ulipasue katikati. Nilikaa nayo siku mbili. Nilikuwa na furaha isiyo kifani, kwa maana kwa mara ya kwanza nilikuwa naona kwa macho yangu jinsi maji, moto na mzunguko vinavyopangwa kwenye sanduku moja. Kwa kuwa bati la nyuma lilikuwa na kutu, niliamua mwenyewe kulipiga msasa na kulipulizia rangi mpya, ili mwenye mashine afurahi.

Kufunga kulinichukua nusu siku tu. Nilipomaliza, mezani palibaki washa mbili za meno, skrubu moja, na kipande cha waya wa kijani na njano chenye urefu wa shubiri moja na vichwa viwili vya kubana. Nilimwita fundi mkuu nikamwonyesha. Alivikusanya kwa kiganja, akavimimina kwenye kopo la maziwa lililojaa skrubu za miaka yote, akaniambia kwamba kiwandani huweka vipande vya ziada, na kwamba kipimo cha fundi ni kimoja: mashine ikiwaka imepona. Tukaichomeka. Ilijaza maji, ikazungusha, ikapasha moto, ikakamua, ikamwaga. Akanipiga begani, nami nikaenda kula nikijiona fundi kamili.

Sasa fuatilia kwa makini kilichokuwa kimetokea ndani ya mashine ile. Waya mkuu wa ethi unaotoka kwenye plagi nilikuwa nimeubana juu ya rangi niliyoipulizia mwenyewe, bila washa ya kuiuma rangi hiyo, na rangi kavu haipitishi umeme. Kile kipande cha shubiri moja ndicho kilichopaswa kuiunganisha hita na mwili wa mashine. Kwa maneno mengine, mashine nzima ilikuwa na waya wa ethi unaoonekana kwa macho lakini usiofika popote. Vitu vyote vinavyofanya kazi ya kufua havihitaji ethi hata kidogo. Mota huzunguka na hita hupasha kwa waya mbili tu, wa kahawia na wa buluu. Ndiyo maana ile kauli ya kwamba ikiwaka imepona ni uongo unaoua: kuwaka kunakuonyesha hizo waya mbili, na hakukwambii lolote juu ya ule wa tatu.

Dalili ya kwanza ilikuja baada ya siku chache. Yule mama mwenye mashine alipiga simu akasema kwamba akigusa mlango wa mashine anahisi mwasho, kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Leo ningejua mara moja maana ya mwasho ule. Waya mkuu unapoingia kwenye mashine nyingi za kufulia kuna kijisanduku cha kuzuia kelele za umeme zisisumbue redio na vifaa vingine, na ndani yake zimo kapasita ndogo zinazounganisha waya za umeme na mwili wa chuma. Ethi ikiwa nzima, umeme mdogo unaopenya hapo huenda ardhini bila mtu kuhisi chochote. Ethi ikikatika, mwili wa mashine huweza kuelea kwenye karibu nusu ya umeme wa soketi, yaani kama volti 115 kati ya zile 230 za kwetu. Mkondo wake ni mdogo na kwa kawaida hauui, lakini unakuwa umekwambia kwa sauti kubwa kwamba ethi haipo. Fundi mkuu alipokea simu ile mbele yangu, akamjibu yule mama avae kandambili anapofua.

Avae kandambili! Nimekaa na jibu hilo miaka yote hii na bado linanipandisha hasira. Mtu aliyelipwa kutengeneza kifaa anaelezwa hatari iliyomo ndani yake, naye badala ya kuifuata hatari anamvalisha mteja mpira miguuni. Nilipomuuliza, alisema nyumba nyingi za mitaani hazina ethi, kwa hiyo waya ule ni wa urembo. Mwalimu wangu naye alikuja kunikagua mara moja tu, akasoma ukurasa niliouandika kuhusu kubadilisha beringi, akagonga mhuri na kuondoka bila kuniuliza kipimo hata kimoja. Siwasingizii: mikono iliyobana waya juu ya rangi ilikuwa yangu, na nilikuwa na umri wa kutosha kukataa. Lakini mwanafunzi huamini anachoambiwa na aliyemtangulia, na wale wawili waliitumia imani hiyo vibaya.

Wiki tano baadaye hita ilipasuka. Hita ya mashine ya kufulia ni bomba jembamba la chuma, katikati yake unapita waya unaopata moto, na kati ya waya na bomba hushindiliwa unga mweupe wa magnesiamu oksidi, ambao hupitisha joto lakini huzuia umeme. Bomba likipata ufa, maji huingia kwenye unga, na umeme hupata njia ya kutoka. Hapo mwili wa mashine ukawa na umeme kamili wa soketi, siyo ule mwasho wa mwanzo. Yule mama alikuwa amesimama juu ya sakafu ya saruji iliyolowa, hana kandambili siku hiyo, akashika mlango ili atoe nguo. Mkondo ukipita kama miliampia 10 misuli ya mkono hujikunja na mtu hawezi kuachia, na ukifika 30 moyo na pumzi vimo hatarini. Hakuweza kuachia. Aliyemwokoa ni mwanawe, mtoto wa darasa la tano, aliyekimbilia swichi ya ukutani badala ya kumkimbilia mama yake. Mama alianguka, akavunjika kifundo cha mkono.

Alikuja karakana na mkono ukiwa kwenye hogo. Fundi mkuu alimwambia kwamba kazi ile ilifanywa na mwanafunzi. Nililipa gharama za matibabu, shilingi 420,000, fedha ambazo baba yangu aliziweka kwa ajili ya ada ya muhula uliofuata; mafunzo yangu yakafutwa, nikarudia wiki zote nane mwaka uliofuata. Nilipokwenda nyumbani kwake na mwalimu mwingine, aliyeijua kazi yake, tulipima soketi yake tukakuta ethi ya nyumba ni nzima kabisa. Nyumba haikuwa na kikatishi cha umeme unaovuja, kile cha miliampia 30, lakini njia ya kwenda ardhini ilikuwepo ukutani ikingoja. Iliyokosekana ilikuwa ile niliyoiacha kwenye kopo la maziwa. Yule mtoto aliyezima swichi alisimama mlangoni akitutazama muda wote tuliokuwa tukipima, na hakusema neno.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja, na ukiichukua hii ukaacha mengine yote, mafunzo yako hayatakuwa bure: meza iwe tupu, ethi ipimwe kwa mita ya fundi (multimita), ndipo kifaa kiguse soketi. Kwa mpangilio huo huo, kila kifaa, kila mara, hata kama umefungua kifuniko kimoja tu, hata kama mteja amesimama mlangoni na fundi mkuu anakupigia kelele.

Meza itakuwa tupu ikiwa umejipanga tangu unafungua. Tafuta trei ya mayai, yenye matundu 30, uyape namba kwa kalamu ya wino. Kila unachokitoa kiingie kwenye tundu lake kwa mfuatano, na kabla ya kukitoa piga picha ya simu ukionyesha kimekaaje. Washa piga kwa karibu, maana ndizo zinazopotea. Unapofunga unarudi nyuma kutoka tundu la mwisho hadi la kwanza. Tundu likibaki na kitu, unafungua tena hadi ulipokipita, na ukiambiwa kwamba kiwandani huweka vya ziada, kumbuka kwamba kiwanda kinachotengeneza maelfu ya mashine hakilipii skrubu isiyo na kazi.

Kupima kwenyewe ni kwa dakika mbili. Kifaa kikiwa kimechomolewa, weka mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, gusanisha ncha zake mbili usome kiasi ambacho waya za mita zenyewe zinakula, mara nyingi sehemu ndogo tu ya omu. Kisha weka ncha moja kwenye pini ya ethi, ile ndefu ya juu ambayo kwenye soketi zetu ndiyo inayofungua vilango vya matundu mengine mawili. Ncha nyingine igusishe kila chuma ambacho mkono unaweza kukifikia: bati la nyuma, fremu ya mlango, skrubu, bamba la pasi. Gusisha penye chuma kitupu, kwa kuwa rangi itakudanganya. Usomaji unapaswa kukaribia ule wa mwanzo. Huku ukisoma, kunjakunja waya mkuu pale unapoingia kwenye kifaa, maana hapo ndipo unapokatikia ndani kwa ndani. Karakana ikiwa na mega, ile mita inayopima kama umeme unavuja kwenda kwenye mwili wa kifaa, unganisha pamoja waya wa kahawia na wa buluu upande mmoja na ethi upande wa pili, swichi ya kifaa ikiwa imewashwa, upime kwa volti 500. Kifaa chenye ethi kikisoma chini ya megaomu 1, hakitoki karakana. Hita yangu ingeweza kunaswa hapo ilipoanza kunyonya unyevu. Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba, kama blenda nyingi na mashine za kukaushia nywele, vimetengenezwa kwa kinga maradufu na havina ethi, kwa hiyo usiitafute isiyokuwepo. Vifaa hivyo unavipima kinga peke yake kwa mega, na kiwango chake cha chini ni megaomu 2.

Kuhusu zana, basi, nunua mita kabla ya bisibisi yoyote. Bisibisi utaazimwa na kila mtu, lakini mita ya karakana utaikuta betri imekufa, na mwenye nayo atakwambia usijisumbue. Kila ulichokipima kiandike kwenye kitabu chako kwa tarakimu, iwe mhuri utagongwa au hautagongwa.

Sasa rudi kwenye pasi. Ikipoa, ifungue mezani penye mwanga, ufuate waya wa kijani na njano kuanzia unapoingia kwenye mshikio hadi unapoishia. Kama kichwa chake kimebanwa bila kitu chini yake, au kimeachwa kinaning'inia, umepata nyumba ya washa yako na pengine ya ile skrubu pia. Kwangua hapo hadi chuma king'ae, irudishe, kaza, upime kutoka pini ndefu hadi bamba la chini. Usipopapata mahali pake usiifunge kwa kubahatisha. Mwambie dada yako ukweli, uende nayo karakana Jumatatu ikiwa ndani ya mfuko pamoja na vipande vyake. Uniandikie hapa mita imesoma ngapi, na picha ya sehemu ile uipige kabla hujaifunika.