Niliyoyachunguza na Niliyoyasahau Nilipokuwa Nikinunua Fleti ya Chumba Kimoja

Fleti ninayoishi ipo ghorofa ya nne, Upanga, jijini Dar es Salaam. Ina chumba kimoja cha kulala, sebule iliyoungana na jiko, choo kimoja, na kibaraza ambacho viti viwili vikishawekwa, mtu wa tatu hana budi kusimama mlangoni. Kabla ya kuipata nilikuwa nimekwisha kukubaliana bei na mwenye jengo mmoja wa Kinondoni, na nilinusurika siku chache tu kabla ya kutoa malipo ya awali. Tangu hapo, ndugu na marafiki wanaponiuliza kuhusu bei za fleti ndogo, mimi huwauliza kwanza kuhusu hati na pampu ya maji.

Tatizo la Kinondoni lilikuwa hati. Jengo zima lilikuwa na hati moja tu, ile ya kiwanja, na kila mnunuzi alikuwa akipewa mkataba wa mauziano wenye mihuri mingi na kuambiwa kwamba huo unatosha. Hautoshi. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, nasi hupewa haki ya kuitumia kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo ndiyo inayowezesha ghorofa kugawanywa, kila fleti ikapata hati yake pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja kama vile ngazi, paa na uwanja. Jengo ambalo halijagawanywa hivyo lina mmiliki mmoja tu mbele ya Msajili wa Hati, na mmiliki huyo akiiweka hati yake rehani, rehani hiyo hushika jengo zima, pamoja na chumba ambacho wewe umekwisha kukilipia. Wakili wangu alipofanya upekuzi rasmi, yaani kuikagua hati hiyo kwenye kumbukumbu za Msajili, alikuta rehani ya namna hiyo hiyo, ambayo mwenye jengo hakuitaja hata mara moja katika wiki tatu za mazungumzo, chai na vicheko.

Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba upekuzi ufanywe na wakili uliyemtafuta mwenyewe, wala si yule anayeletwa na dalali. (Dalali wangu alimwita “wakili wetu”, na neno hilo “wetu” lingetosha kunishtua mapema.) Wakili huyo aangalie pia miaka iliyobaki katika hati, malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, na ridhaa ya mume au mke wa muuzaji endapo fleti ni makazi ya wanandoa. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ile ya faida aipatayo mtu kwa kuuza mali, ni deni la muuzaji, lakini uhamisho hukwama iwapo hajaimaliza na Mamlaka ya Mapato (TRA). Basi mkataba useme wazi ataimaliza lini, na sehemu ya bei ibaki mikononi mwa wakili hadi hati itoke kwa jina lako.

Katika hayo yote nilikuwa mwangalifu. Lililonishinda ni maji. Niliikagua fleti ya Upanga Jumamosi asubuhi, nikafungua kila bomba, na maji yakatoka kwa nguvu iliyonifurahisha, kumbe simtanki za juu zilikuwa zimejazwa usiku ule. Maji ya bomba hayapandi yenyewe hadi ghorofa ya nne; husukumwa na pampu, na pampu hutumia umeme wa luku ya pamoja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ambayo familia zote kumi na mbili huchangia, au hupaswa kuchangia. Mwezi wa pili tangu nihamie luku hiyo iliisha, majirani wanne wakakataa kutoa mchango kwa hoja kwamba wao wanaishi chini na hupata maji bila pampu, nasi wa juu tukabeba ndoo ngazini kwa siku nne. Ningalimuuliza mlinzi siku ile ya Jumamosi, angalinieleza yote, kwa kuwa mlinzi huyajua mambo ya jengo kuliko dalali, naye hana asilimia anayoisubiri.

Kwa hiyo omba kuliona daftari la michango, na uulize kama chama cha wamiliki kina akaunti ya benki na lini kilikutana mara ya mwisho. Sheria inakitambua chama hicho, lakini katika majengo mengi kipo kwenye karatasi tu. Mahali ambapo wamiliki hawajakutana kwa miaka mitatu, paa likianza kuvuja litavujia wa juu peke yao.

Jengo lenyewe likague wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua inapoonyesha kila ufa. Karibu na bahari tazama hasa plasta iliyovimba chini ya vibaraza, kwani chumvi hula nondo kwa ndani muda mrefu kabla zege halijapasuka. Uliza pia kama kuna mwenye duka wa chini anayechimba au kuvunja kuta ili kujiongezea nafasi. Jengo lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 lilikuwa bado linajengwa, lakini lile la Kariakoo la Novemba 2024 lilikuwa na watu na biashara ndani yake. Kumlipa mhandisi kwa nusu siku si anasa.

Kuhusu udogo wenyewe, uliza kama mita za mraba zinazotangazwa zinahesabu kibaraza na unene wa kuta. Ulizia pia upepo: madirisha yangu yote yanatazama magharibi, kwa hiyo jua la jioni huingia hadi kitandani, ilhali kaskazi ikivuma kuanzia Desemba wanaoipata ni majirani wa upande wa pili, na mimi hununua umeme wa feni.

Tena, ukipima vyumba, pima na ngazi. Mimi nilipima sebule kwa futi ya fundi, nikaridhika kwamba kabati la marehemu bibi litaenea, lakini sikupima kona ya ghorofa ya pili, na hapo ndipo lilipokwama mbele ya wapagazi watatu. Fundi seremala alilipasua vipande viwili na kuliunga upya ndani. Sasa lipo sebuleni, limeziba soketi pekee ya ukuta ule.