Aliyeeleza kwanza damu kupita mapafuni si tabibu Mwingereza William Harvey

Ni Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo, mwaka 1242, katika ufafanuzi wake wa anatomia (elimu ya viungo vya mwili) ya tabibu Mwajemi Ibn Sina. Galen, tabibu Mgiriki wa kale, alidai damu hupenya kutoka ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia hadi ya kushoto kupitia vitundu kwenye ukuta unaozitenganisha. Ibn al-Nafis akakataa katakata: ukuta ule ni mnene, hauna tundu la wazi wala la siri, kwa hiyo damu lazima ipite kwenye ateri ya mapafu (mshipa unaotoa damu moyoni), ichanganyike na hewa humo, kisha irudi upande wa kushoto kwa vena ya mapafu (mshipa unaorudisha damu moyoni). Ulaya hoja hiyo ilichapishwa na matabibu Servetus mwaka 1553 na Colombo 1559. Kama walipata habari za Ibn al-Nafis, wanahistoria bado wanabishana.

Sifa ya Harvey (1628) ni nyingine, na si ndogo: mzunguko wa mwili mzima, tena kwa kupiga hesabu ya damu inayosukumwa na moyo. Ila hata yeye hakuona kinachounganisha ateri na vena. Kapilari, mishipa myembamba mno inayoziunganisha, alizieleza tabibu Mwitaliano Malpighi mwaka 1661, baada ya kuchunguza mapafu ya chura kwa hadubini.