Usiipite Grb2 kwa sababu si kimeng'enya

Ukianza kusoma njia za ishara ndani ya seli, macho hukimbilia vimeng'enya: huyu anapachika fosfeti, yule anaiondoa. Kisha unafika kwenye Grb2, protini ndogo ya asidi amino 217. Haikati kitu, haipachiki kitu. Unaipita. Mimi niliipita hivyo muda mrefu, na njia nzima ikabaki kwangu orodha ya majina ya kukariri.

Mfikirie mshenga. Haoi wala haolewi, ila pasipo yeye pande mbili hazikutani. Grb2 ina sehemu tatu za kushikia: SH2 katikati, na SH3 mbili pembeni. Kichocheo cha ukuaji EGF kikikaa kwenye kipokezi chake, vipokezi viwili huungana na kupachikana fosfeti kwenye tairosini (aina ya asidi amino) za mikia yao. SH2 hushika tairosini iliyokwisha kupata fosfeti, hasa pale ambapo asidi amino ya pili baada yake ni asparajini. SH3 nazo zimeshika SOS, protini inayoiwasha Ras, kwenye vipande vyake vyenye prolini nyingi. Basi SOS iliyokuwa ndani ya saitoplazimu inavutwa hadi utandoni, na Ras, protini inayofanya kazi kama swichi, iko papo hapo. Ras inaachia GDP (hali ya kuzimwa), inapokea GTP (hali ya kuwashwa), na ishara inashuka kwa vimeng'enya Raf, MEK, hadi ERK. Kilichobadilika hasa ni ujirani.

Kwa hiyo badala ya kuuliza protini adapta, yaani mshenga kama Grb2, inafanya nini, uliza inamkutanisha nani na nani, wapi, na kwa sharti gani. Ndipo majaribio yanapoeleweka. Ukibadilisha arginini namba 86 ya Grb2 iwe laisini, SH2 inapoteza mshiko wake, ilhali SH3 bado zimemshika SOS. Mshenga yupo na upande mmoja tu.

Wengi hushangazwa na hili: ukiizidisha adapta kwenye seli, ishara inaweza kupungua. Grb2 moja inashika kipokezi, nyingine inashika SOS, na hazikutani. Ukiona hivyo usitupe matokeo. Punguza kiasi hatua kwa hatua, upime tena.

Na kwenye meza ya maabara, jihadhari na kiloDaltoni 25, ambao ndio karibu uzito wa Grb2. Niliwahi kuvuta Grb2 kwa kingamwili, nikazitenganisha protini kwa uzito, nikaona mstari mzuri mahali pake, nikaandika kwenye daftari kwamba nimeipata. Wiki mbili baadaye nikaweka safu ya kingamwili peke yake, bila protini za seli. Mstari ukatokea palepale: mnyororo mwepesi wa kingamwili nao una uzito wa karibu 25. Tangu hapo safu hiyo naiweka kila mara, na kingamwili ya pili, ile ya kuonyesha mstari, nachagua isiyoutambua mnyororo huo.